Muulize Shangazi: Kutokelezea Bila Kujitesa

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu anaonekanaje nadhifu kila siku bila kuamka na majogoo. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha maana kuna watu mnaandika barua kama mnaandika wosia. Twende.

Shangazi shikamoo. Nina miaka thelathini na kitu, nguo ninazo tena nzuri tu, ila nikifika kazini naonekana kama nimetoka kusukumana mahali. Kuna dada meza ya jirani, ana mashati manne nimeshayahesabu, lakini kila siku katulia utadhani kafungashwa kiwandani asubuhi hiyo. Anafanyaje? – Mvivu wa Asubuhi

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuhesabu mashati ya mwenzio, utafiti ndo unavyoanza.

Mi nina ugonjwa wa kuangalia watu, nikikaa kwenye foleni yoyote naangalia visigino na kola, na baada ya miaka yote hiyo nimegundua kitu kimoja tu. Jicho la mtu haliendi katikati ya nguo, linaenda mipakani, pale nguo inapoishia na wewe unapoanza. Kola, ncha za mikono, pindo la suruali au sketi, kisigino cha kiatu, kucha, nywele za kwenye paji na shingoni. Hapo tumboni kwenye shati unaweza ukawa na mikunjo yako kadhaa na dunia ikaendelea, ila kola ikilala kama sikio la mbuzi shati zima limekufa, hata kama ulilinunua kwa mshahara mzima.

Fanya hivi leo jioni kabla hujavua. Mwambie mtu wa nyumbani akupige picha mbili, mbele na nyuma, usijipange wala usivute tumbo. Ya mbele utaipenda kidogo. Ya nyuma ndo itakuliza: lebo imechungulia shingoni, pindo la upande mmoja limefumuka, sketi imejizungusha, mgongoni umebeba nywele na manyoya ya shuka. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji nguo mpya, na kila kimoja ni kazi ya dakika mbili, lakini sio dakika mbili za asubuhi huku unatafuta funguo na chaji ya simu.

Ndo maana naweza kukuapia bila hata kumjua huyo dada, asubuhi hafanyi kitu. Kafanya jana usiku. Kaning'iniza nguo yote kamili kwenye hanga moja mpaka mkanda na soksi, kaiangalia kwenye mwanga, kalala zake. Na siku moja ya wiki anakaa kama nusu saa na zile nguo zake, kifungo kinacholegea anakishona kabla hakijadondoka, uzi unaoning'inia anaukata kwa mkasi (usiuvute jamani, ukiuvuta pindo lote linakufuata), sweta lililoota vidonge vidonge vya nyuzi analipitishia wembe taratibu au kile kimashine chake, na manyoya anayatoa kwa seloteipu iliyozungushwa mkononi upande wa gundi nje. Seloteipu ya kawaida hiyo hiyo ya kufungia maboksi.

Halafu tuje kwenye mashati manne, we unaona uhaba mi naona akili. Barack Obama akiwa rais wa Marekani alisema kwenye mahojiano ya mwaka 2012 kwamba anavaa suti za kijivu au za bluu tu, hataki kuamua anakula nini au anavaa nini kwa sababu maamuzi mengine anayo tele. Sawa, wewe sio rais, ila saa kumi na mbili na nusu asubuhi ubongo wako hauna nguvu kuliko wake. Chukua rangi chache zinazoelewana, hakikisha kila nguo ya juu inakubaliana na kila nguo ya chini, hapo ukiwa na za juu 5 na za chini 4 una mivao 20. Mwenye za juu 15 ambazo kila moja inakubali suruali yake moja tu ana mivao 15, kabati halifungi, na bado kila asubuhi anasimama mbele yake analalamika hana cha kuvaa.

Ila usikimbilie kutupa vitu, namjua mtu alietupa nguo zote mwezi mmoja na mwezi uliofuata akawa anazinunua upya.

Shangazi, nimenunua suti yangu ya kwanza kwa ajili ya intavyuu. Dukani wote walisema imenikaa. Rafiki yangu ameniona akacheka, kakataa kuniambia anacheka nini. – Mgeni wa Suti

Geuka nyuma kijana. Kwenye mpasuo wa koti hapo chini, kuna uzi umeshonwa alama ya X? Huo ni wa kiwandani, kazi yake ni kushika mpasuo usijikunje koti likiwa safarini, na unakatwa kabla ya kuvaa mara ya kwanza. Na kile kitambaa chenye jina la kampuni kilichoshonwa kwenye mkono kwa nje nacho ni cha dukani, kifumue. Nakuambia kwa uchungu maana mi mwenyewe nilizunguka na X yangu siku nzima kwenye koti jipya, nikasimama mbele ya watu, nikawageuzia mgongo kuandika ubaoni tena zaidi ya mara moja, na wa kwanza kuniambia alikuwa mlinzi wa getini wakati natoka. Nilimshukuru, ila moyoni niliwalaani wengine wote, watu wazima wanakaa na siri ya namna hiyo masaa manane!

Mifuko ya nje mara nyingi inakuja imeshonwa. Hiyo ni hiari yako, mi yangu naiacha hivohivo ili nisipate kishawishi cha kutia simu na funguo koti likatepeta.

Mengine ni haya. Kifungo cha chini kabisa cha koti la mwanaume hakifungwi, na ukikaa kwenye kiti unafungua vyote. Bega ndo kila kitu, mshono wake uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia, likizidi au likibana lirudishe dukani kama bado wanapokea. Fundi atakupunguzia kiuno, atafupisha mikono, atapandisha suruali, ila kubomoa bega ni kazi nzito na wengi wanaoijaribu wanaishia kuliua koti. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo, ncha ya shati ichungulie kama sentimita 1. Suruali iguse kiatu na kujikunja kidogo mara moja tu, ikijikusanya hapo chini kama kinanda cha kuvuta basi umeazima kwa kaka yako.

Na hili wala sio la suti peke yake. Mtu akiniuliza hela yake kidogo aipeleke wapi ili apendeze, simwambii duka, namwambia fundi cherehani. Tisheti ya kawaida iliyopunguzwa ubavuni ikakukaa itaipita nguo ya bei mbaya iliyokuning'inia.

Pasi na mimi hatupatani. Naunguza, nachelewa, na nikimaliza naona mikunjo mipya. Kuna njia ya kuikwepa kabisa? – Adui wa Pasi

Kuikwepa kabisa hapana, ila unaweza ukaipunguzia kazi sana, na kazi yenyewe inaanza kwenye kufua. Nyuzi za pamba zikilowa zinalegea, zikikauka zinashika umbo lilelile zilizokaukia. Kwahiyo shati uliloliacha limekamuliwa kwenye beseni au kwenye mashine mpaka jioni limeshajichorea mikunjo yake na kuipiga mhuri, na ndio maana pia linanuka uvundo. Litoe mara moja, likung'ute kwa nguvu mara tatu nne likipiga kelele kama bendera, litie kwenye hanga likiwa bichi, funga kifungo cha juu, vuta kola na ncha za mikono kwa vidole. Linakauka robo tatu ya pasi ikiwa imeshapigwa.

Ukija kupiga, piga nguo ikiwa na unyevu kidogo au ipulizie maji. Kuhusu kuunguza, angalia lebo kuna kialama cha pasi chenye nukta ndani, nukta moja ni moto mdogo, mbili ni wa kati, tatu ni mkali. Poliesta na hariri ni wa nukta chache, pamba na kitani ndo wanavumilia moto. Anza na za moto mdogo kisha panda, maana pasi inachukua muda mrefu kupoa kuliko kupata moto na hapo ndo watu wanaunguzia blauzi. Nguo nyeusi igeuze ndani nje, la sivyo itang'aa kama makalio ya suruali ya shule. Na doa lisipigwe pasi kamwe, mengi yakishapata moto yanahamia humo moja kwa moja.

Siku umeamka umechelewa, piga kola, mbele na ncha za mikono, vaa sweta au koti juu, usivue. Hilo nimelifanya miaka na miaka. Koti la sufu wala halihitaji, litundike bafuni wakati unaoga maji ya moto, mvuke unalinyoosha lenyewe. Kitani ndo usijisumbue nacho, kitajikunja kabla hujafika mlangoni na huo ndo uzuri wake, ukiona kinakukera usikinunue.

Mashati yangu meupe yote yana njano kwapani. Naloweka jiki, yanazidi. Na kuna tisheti moja ya mazoezi inanuka hata ikitoka kufuliwa. Naona aibu kuinua mkono. – Mikono Chini

Pole, ila acha jiki leo hii. Ile njano mara nyingi sio uchafu wako, ni jasho limekutana na aluminiamu iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho, na klorini ya jiki badala ya kuitoa huwa inaizidishia rangi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu na ile poda ya kuondolea madoa inayofanya kazi kwa oksijeni, masaa kadhaa au usiku kucha, sugua kwa mswaki mkuukuu, fua kama kawaida. Ya siku nyingi haitatoka yote, mpya itatoka. Wengine wanatumia siki nyeupe, sawa, inasaidia na harufu pia, ila siki na jiki zisikutane kwenye beseni moja hata kwa bahati mbaya, zinatoa gesi ya klorini na hiyo ni sumu ya kweli.

Sasa hakikisha unajua unachojipaka. Deodoranti inashughulika na harufu tu, dawa ya kuzuia jasho ndo yenye aluminiamu inayoziba vijitundu vya jasho kwa muda. Hii ya pili watu wengi wanaipaka wakati mbaya, asubuhi mbio mbio kwenye ngozi yenye maji kisha shati juu yake papo hapo. Ipake usiku kwapa likiwa kavu, jasho likiwa limetulia, ndo inapata nafasi ya kuingia, na asubuhi ukioga haiondoki kazi yake. Shati nalo linapona.

Tisheti ya mazoezi nina hakika ni poliesta. Jasho lenyewe karibu halina harufu, harufu ni ya bakteria wanaolila, na poliesta inashika mafuta ya mwili kuliko pamba ndio maana bakteria wake hawahami. Igeuze ndani nje ndo uifue, usitie dawa ya kulainisha nguo maana inaacha utando unaozuia maji na sabuni kuingia vizuri, na ukitoka mazoezini usiifungie kwenye begi mpaka kesho.

Viatu vyangu vinazeeka baada ya miezi mitatu. Ni ubora au ni mimi? – Soli Imeisha

Ni wewe. Samahani. Unavaa jozi hiyohiyo kila siku si ndio? Mguu unatoa jasho, ngozi ya kiatu inalinywa, na kesho yake unakivaa bado kibichi ndani, kinatanuka, kinajikunja, kinanuka. Ukiwa na jozi mbili ukazibadilishana siku kwa siku zitadumu kuliko ukizivaa moja baada ya nyingine kufa. Usiku kijaze magazeti yanyonye unyevu na kushika umbo. Kikilowa mvua usikianike juani wala karibu na moto, ngozi itapasuka, kiache kivulini na magazeti yake.

Kiwi paka kidogo sana, kitambaa kikiwa kimeguswa tu, subiri ikauke ndo upige brashi, ukilundika unapata ule utando unaopasuka kila ukikunja mguu. Kabla ya kiwi futa vumbi, naona watu wanapaka kiwi juu ya vumbi wanatengeneza matope ya kung'aa. Na ule ukingo wa soli kuzunguka kiatu pitisha kitambaa chenye maji, kwa raba nyeupe tumia mswaki na sabuni, huo ukingo ukiwa safi mtu anaamini kiatu chote ni kipya. Kisigino kipeleke kwa fundi kikianza kulika upande, usisubiri msumari uanze kuongea sakafuni.

Rafiki zangu wanasema pafyumu yangu inaingia kabla yangu. Mbona mi siisikii? – Nanukia

Ndo hivyo, pua yako ishaizoea ndani ya dakika chache, inaacha kukuripotia. Kutoisikia sio dalili kwamba imeisha. Mipulizo miwili, kwenye ngozi ukishapaka losheni maana ngozi kavu haiishiki, halafu chupa irudi kabatini. Waamini rafiki zako.

Shangazi, nina watoto wawili wadogo wamefuatana. Uso na nywele zangu zinapata dakika tano kwa siku, na hizo tano mmoja anakuwa analia. Nifanye nini kionekane? – Mama Mbiombio

Kwanza umekula? Haya.

Dakika tano ni nyingi kama hutazigawa kwenye vitu kumi. Losheni paka ukitoka tu kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, unatumia nusu na inakaa siku nzima. Juu yake sanskrini, yaani mafuta ya kukinga jua, SPF (namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa) 30 inazuia karibu asilimia 97 ya ile miale ya UVB inayounguza, SPF 50 kama 98, kwahiyo usijiumize kutafuta namba kubwa, jiumize kuipaka ya kutosha, na ukishinda nje uirudie kila masaa mawili. Mafuta ya midomo. Nyusi zipitishie brashi. Miwani kama unavaa ioshe kwa maji na tone la sabuni, miwani yenye alama za vidole vya watoto inamchosha hata anaekutazama. Basi, uso umeisha.

Nywele usipigane nazo kila siku. Chagua mtindo unaofanya kazi wenyewe, iwe misuko, iwe kukata fupi, iwe kubana nyuma, ila kingo za mbele ziwe zimelala na kitana kimepita. Mtindo unaohitaji nusu saa kila asubuhi sio wako kipindi hiki, utarudi kwako wakianza shule. Kucha fupi bila rangi, kwa sababu rangi iliyobanduka nusu inaonekana chafu kuliko kucha isiyo na kitu, na wewe huna muda wa kuirudia.

Na weka nguo yako ya kutokea mbali na watoto mpaka dakika ya mwisho kabisa. Vaa ukiwa mlangoni. Mi wangu walinitapikia mabega mpaka nikaanza kuvaa kanzu kuukuu juu ya nguo za kazini hadi nitoke, watu wa nyumbani walinicheka lakini bega langu lilifika kavu.

Shangazi, mimi ni kinyume cha wote. Naamka saa kumi alfajiri kila siku, napiga pasi mpaka soksi na foronya, nabadilisha nguo mara tatu, begi na kiatu lazima vifanane rangi na mkanda wa saa. Watu wananisifu lakini saa nane mchana nasinzia mezani. Nikipunguza si nitaharibika? – Lulu

Lulu mwanangu, umesema mwenyewe unasinzia mezani, sasa huo unadhifu unamwonyesha nani, na mate yanakutoka?

Soksi acha leo. Hakuna aliewahi kuziona zimenyooka zikiwa ndani ya kiatu. Foronya acha, mashuka kunja vizuri yakiwa yametoka kwenye kamba yatajinyoosha kwenye rundo. Kufananisha begi na kiatu na saa acha hasa hicho, mtu alielingana kila kitu anaonekana kama sanamu ya dirishani, mkanda na viatu vikiwa jamii moja ya rangi inatosha sana. Kubadilisha mara tatu ndo kitu kigumu najua, kwahiyo fanya uamuzi usiku, nguo nyingine zifungie chumba kingine kama ikibidi, asubuhi iliyopo kwenye hanga ndo hiyo hiyo hata moyo ukikataa.

Utabaki na kola, kingo, kiatu na kucha, ambavyo kwako vyote vimeshakuwa safi tangu jana. Jumatatu amka saa kumi na mbili. Jumanne pia. Ijumaa niandikie kama kuna hata mmoja alieona tofauti, mbali na kuona kwamba umeamka.